Chaza Asiye Chaza: Uhakiki wa Istilahi za Visukuku vya Bahari ya Siluri

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, mhakiki huletewa orodha za maneno mara nyingi zaidi kuliko anavyoletewa matini. Orodha huja imepangwa vizuri, safu ya kushoto ikiwa na neno la kigeni na safu ya kulia ikiwa na neno la Kiswahili, naye hutakiwa aweke alama ya kukubali au ya kukataa. Rasimu inayohakikiwa hapa ilikuja kwa namna iliyo bora. Mfasiri alileta orodha yake pamoja na matini yote aliyoifasiri, yaani kijitabu cha wanafunzi wa sekondari kinachoeleza wanyama wasio na uti wa mgongo walioishi kwenye sakafu ya bahari ya zama za Siluri, ambao visukuku vyao vimehifadhika katika mawe ya chokaa ya Wenlock, Uingereza. Kwa sababu hiyo imewezekana kuyapima maneno yake yakiwa ndani ya sentensi.

Makala haya hayana nia ya kumdharau mfasiri. Kazi yake ni ya bidii, na Kiswahili chake ni fasaha. Hoja inayotetewa hapa ni moja tu: jina la mnyama ambaye msomaji hana njia ya kumwona lisimpachike ukoo usio wake. Pale rasimu ilipokiuka jambo hilo, haikuharibu neno moja moja tu. Iliharibu maelezo yenyewe ya sayansi.

Bahari inayozungumzwa

Zama za Siluri zilianza yapata miaka milioni 443 iliyopita, zikaisha yapata miaka milioni 419 iliyopita. Jina hilo lilitolewa mwaka 1835 na mwanajiolojia Roderick Impey Murchison, ambaye alilichukua kutoka kwa Wasiluri, kabila la kale lililoishi kusini mwa Wales wakati wa dola ya Warumi. Mfasiri amefanya vema kuliacha neno lilivyo, kwa kuwa jina la kabila halifasiriwi.

Mawe ya Wenlock yaliwekwa mashapo yake kiasi cha miaka milioni 430 iliyopita. Wakati huo nchi iitwayo leo Uingereza ilikuwa kusini mwa Ikweta, chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi. Katika mji wa Dudley, hasa katika kilima cha Wren's Nest, mawe hayo yalichimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuchomea chokaa na kwa ajili ya matanuri ya chuma. Na wachimbaji, wakitafuta riziki yao, wakafukua mamia ya spishi za wanyama wa bahari. Mwaka 1956 kilima hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa sababu ya mawe na visukuku vyake.

Bahari ya joto, kina kifupi, miamba iliyojengwa na viumbe: msomaji wa pwani yetu ataona kana kwamba anaelezwa habari za nyumbani. Hapa ndipo mtego ulipotegwa. Lugha ya pwani ina hazina kubwa ya majina ya viumbe vya bahari: chaza, kome, kombe, kaa, kamba, ngisi, pweza, jongoo bahari, kiti cha pweza, matumbawe. Tena utaratibu tuliouzoea katika kuunda istilahi unatuelekeza tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kabisa tukope kutoka nje. Mfasiri aliufuata utaratibu huo hatua kwa hatua. Aliiona hazina ya pwani, akachota, na katika kuchota kwake akawapa wanyama wa kale majina ya watu wengine.

Chaza wawili katika sentensi moja

Mfano mzito kuliko yote ni ule wa brakiopodi. Hawa ni wanyama wenye magamba mawili, na katika mawe ya Wenlock ni wengi mno. Atrypa ni mmoja wa wale wanaookotwa mara kwa mara. Mfasiri amewaita "chaza-kale". Kwa jicho la haraka jina hilo linafaa, kwani ukimwonyesha mvuvi kisukuku cha brakiopodi atakuambia kuwa ni chaza.

Lakini si chaza. Chaza ni moluska, na magamba yake mawili ni la kuume na la kushoto. Brakiopodi si moluska, na magamba yake ni la juu na la chini, tena hayafanani: moja huwa kubwa kuliko jingine. Ukichora mstari katikati ya gamba moja la brakiopodi, nusu mbili zitalingana. Ukifanya hivyo kwa gamba la chaza, kwa kawaida hazitalingana. Chaza hufungua magamba yake kwa ukano unaosukuma kama kamani, na huyafunga kwa misuli. Brakiopodi hutumia misuli kwa kazi zote mbili. Ndiyo maana chaza akifa magamba yake huachama na kutawanyika, ilhali brakiopodi akifa aghalabu hubaki amefumba, nasi tukaja kumkuta mzima ndani ya jiwe.

Mtu anaweza kusema kuwa hayo ni mambo ya wataalamu, na kwamba mwanafunzi hayahitaji. Basi na tuitazame sentensi moja ya rasimu, katika sura inayoeleza maangamizi makuu ya miaka milioni 252 iliyopita: "Baada ya hapo chaza-kale walipungua sana, na nafasi yao ikachukuliwa na chaza." Mwanafunzi ataelewa nini? Ataelewa kuwa chaza wa zamani walikufa wakazaliwa chaza wapya, kama vile kizazi hupokewa na kizazi. Kumbe sentensi hiyo inazungumzia mojawapo ya mabadiliko makubwa katika historia ya bahari: wanyama wa faila moja waliotawala sakafu ya bahari kwa muda mrefu sana walipungua, na wanyama wa faila nyingine wakaenea. Jina limelifuta tukio.

Kasoro haiishii hapo. Brakiopodi hawakutoweka, spishi zao zipatazo mia nne zingali zinaishi baharini hadi leo. Jamaa wa chaza nao hawakuzaliwa jana. Walikuwako katika bahari ile ile ya Siluri. Kwa hiyo tukishika istilahi ya rasimu, itatubidi tuseme "chaza-kale wa leo" na "chaza wa kale", na tumtarajie mtoto wa kidato cha pili ajue kuwa hao ni wanyama wawili wasiohusiana. Istilahi inayomlazimu mwalimu kuikanusha kila anapoitumia haijawa istilahi.

Yungiyungi na mwani

Mnyama wa pili ni krinoidi. Huyu ana mwili mdogo mfano wa kikombe, mikono mingi iliyonyooshwa kukamata chembe za chakula majini, na, kwa wale wa Siluri, shina refu lililomshikiza kwenye sakafu. Ni wa ukoo mmoja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Mfasiri amemwita "yungiyungi-bahari". Naungama kwamba nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza katika orodha nililipenda, nikaliwekea alama ya kukubali. Ni neno zuri, na hata jina la kitaalamu, lililotolewa na J. S. Miller mwaka 1821, linatokana na neno la Kiyunani la ua la namna hiyo hiyo.

Alama hiyo niliifuta nilipofika kwenye matini. Katika ukurasa mmoja rasimu inasema: "Yungiyungi-bahari lilijishikiza kwenye sakafu kwa shina lake, likakunjua petali zake." Ukurasa unaofuata inasema: "Yungiyungi-bahari walikula chembechembe." Mfasiri mwenyewe, mwenye elimu yake, hakuwa na hakika kama anazungumzia ua au mnyama. Kwanza jina lilimvuta kwenye ngeli ya mimea, kisha likamletea petali, kisha ukweli ukamrudisha kwa nguvu. Ikiwa jina limemteleza aliyelitunga, mwanafunzi atasalimikaje?

Jambo hilo hilo limetokea kwa briozoa, wanyama wadogo sana waishio kwa makundi katika vyumba vya chokaa walivyovijenga wenyewe. C. G. Ehrenberg, aliyewapa jina hilo mwaka 1831, aliwafananisha na kuvumwani. Mfasiri akaona aikaribie bahari zaidi, akawaita "mwani-mawe". Lakini mwani si neno lililolala kabatini likingoja kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakilima mwani, wakiuvuna, wakiuanika na kuuza. Neno hilo lina wenyewe, na wenyewe wanajua vizuri kuwa mwani hauna mdomo. Kumwita mnyama mwani ni kuvuruga neno linalofanya kazi kila siku, kwa faida ya neno litakalosomwa mara mbili kwa mwaka.

Kaa wa mawe na nzige wa Dudley

Trilobiti ndiye kisukuku kinachopendwa kuliko vyote katika mawe yale. Wachimbaji wa Dudley walikuwa wakimwokota Calymene blumenbachii mara kwa mara, naye akawa maarufu hata akaingizwa katika nembo ya mji. Rasimu inamwita "kaa-mawe".

Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, trilobiti si kaa. Wote wawili ni athropoda, lakini wa mwisho wa trilobiti walitoweka katika maangamizi yale ya miaka milioni 252 iliyopita, na kaa wa kweli hawakuwako duniani bado. Pili, mnyama huyo hakuwa wa mawe. Alipokuwa hai alitambaa juu ya tope la bahari, akajivua gamba alipokua, na akajikunja alipotishwa, kama jongoo aliyeguswa. Mawe ni hali aliyofikia baada ya kufa. Istilahi imwite mnyama, kisha neno "kisukuku" lieleze hali yake; tukivichanganya viwili hivyo, hatutaweza kusema lolote juu ya maisha yake pasipo kuchekesha.

Katika maelezo yaliyoambatana na orodha, mfasiri ametoa utetezi ambao hauna budi kujibiwa. Anasema kuwa hata wachimbaji wa Dudley walimwita mnyama huyo "nzige wa Dudley", ingawa si nzige. Kwa nini basi sisi tukatazwe kumwita kaa? Angeweza kuongeza ushahidi wa nyumbani: jongoo bahari si jongoo, na kiti cha pweza hakikaliwi na pweza.

Jibu ni kwamba majina hayo yalizaliwa mikononi mwa watu walioushika mwili wa kitu chenyewe. Mvuvi asemapo jongoo bahari, anaye mkononi. Hakuna hatari ya yeye wala mwanawe kumdhania kuwa ni jongoo wa shambani. Mchimbaji wa Dudley alikuwa na jiwe kiganjani. Jina lilikuwa utani juu ya kitu kinachojulikana. Mwanafunzi wa Dodoma au Kigoma hana kisukuku cha Siluri mkononi, wala mwalimu wake hana. Alicho nacho ni neno tu, na atamjenga mnyama mzima kutokana na neno hilo. Isitoshe, nzige wa Dudley hakuingia katika vitabu vya wataalamu kuwa jina la ukoo. Lilikaa mjini, likapendwa, likaheshimiwa, na jina la kitaalamu likakaa mahali pake.

Mkopo unaolala, tafsiri inayoamsha

Kuna watakaosema: kama maneno ya pwani hayafai, na tufasiri maana za majina ya Kiyunani. Njia hiyo nayo ina miiba. Trilobiti, jina lililotolewa na Johann Walch mwaka 1771, lina maana ya pande tatu. Tukimwita "pande-tatu", kila mwanafunzi atahesabu kichwa, kiwiliwili na mkia, apate tatu, aridhike; naye atakuwa amekosea. Pande tatu zinazokusudiwa hupita kwa urefu wa mwili: mgongo wa katikati, na ubavu wa huku na wa huku.

Brakiopodi nao waliitwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 19 na Mfaransa Duméril, kwa maana ya mkono na mguu, kwa dhana kwamba mikono yao ya ndani ilifanya kazi ya mguu. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Viungo hivyo ni vya kuchuja chakula. Lakini kosa la Duméril halimdhuru mtoto wa Kiingereza, kwa sababu hasikii mkono wala mguu katika jina lile. Kosa limelala. Tukifasiri na kusema "mkonomguu", tutaliamsha kosa la miaka mia mbili na kulipa uraia wa Kiswahili.

Stromatoporoidi wanatupa funzo la tatu. Hawa walikuwa wajenzi wakubwa wa miamba ya Siluri, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya ukoo wao. Baada ya kuchunguzwa kwa sifongo hai zenye mifupa ya chokaa katika miaka ya 1960 na 1970, wakahesabiwa pamoja na sifongo. Rasimu inawaita "tumbawe-tabaka". Kama jina hilo lingekuwa limesanifiwa mapema, leo lingetubidi tulifute katika vitabu vyote. Neno lililokopwa lingestahimili mabadiliko hayo bila ya kuguswa.

Inasemekana mara kwa mara kuwa neno la mkopo ni tupu, halimwambii mwanafunzi kitu. Ni kweli, na katika suala hili ndiyo sifa yake. Ni chombo kitupu ambacho fasili hukijaza. Chombo kilichokwisha kujaa maji ya kitu kingine hakijazwi mpaka kwanza kimwagwe.

Mahali Kiswahili kinapodaiwa

Msomaji asidhani kuwa makala haya yanatetea ukopaji wa jumla. La kushangaza katika rasimu ni kwamba mfasiri aliyekataa kukopa majina ya koo, alikopa bila ya haja majina ya viungo. Shina la krinoidi limeundwa kwa visahani vilivyopangana; rasimu inaviita "osikali". Brakiopodi wengi hujishikiza mwambani kwa kijishina kipitacho katika tundu la gamba. Rasimu inakiita "pedikali". Mahali magamba mawili yanapoungana inapaita "hinji".

Kila mtu aliyekula muwa anajua pingili. Kila mtu aliyechuma embe anajua kikonyo. Kila mtu mwenye mlango anajua bawaba. Maneno haya hayadai ukoo na mtu. Yanataja umbo na kazi, na umbo na kazi ndivyo vinavyoonekana katika kisukuku chenyewe. Kwa ufupi, mfasiri alifasiri mahali palipotakiwa mkopo, na akakopa mahali Kiswahili kilipokuwa na neno tayari.

Pamoja na hayo, amefanikiwa kikamilifu mahali pamoja, na mafanikio hayo yatufae kuwa kipimo. Favosites, ambaye vyumba vyake hukaa mfano wa masega ya nyuki, amemwita "tumbawe-sega". Na Halysites, ambaye vyumba vyake hufuatana kwa mistari, amemwita "tumbawe-mnyororo". Wote wawili ni matumbawe kweli. Neno la kwanza limetaja ukoo wa haki, na neno la pili limetaja sura. Huo ndio mpango unaostahili kufuatwa: ukoo utangulie, mfanano ufuate.

Tena Kiswahili kina msaada mwingine ambao rasimu haikuutumia, nao ni upatanisho wa kisarufi. Tukisema "kisukuku hiki kimevunjika", tunazungumzia jiwe. Tukisema "trilobiti huyu alijikunja", tunazungumzia kiumbe hai. Bila ya maelezo ya ziada, kiambishi peke yake kinamhamisha msomaji kutoka kabati la makumbusho hadi sakafu ya bahari. Inafaa vitabu vya elimu hii vishike kanuni hiyo pasipo kuyumba.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, yanapendekezwa yafuatayo:

1. "Chaza-kale" liondolewe, litumike brakiopodi (wa-), kwa fasili: mnyama wa bahari mwenye gamba la juu na la chini yasiyolingana, achujaye chakula kwa mikono ya ndani.

2. "Yungiyungi-bahari" liondolewe, litumike krinoidi (wa-). Fasili itaje kuwa jamaa zake wasio na shina wangali wanaishi, hata katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki. Mfanano wake na ua uelezwe katika fasili, usiingizwe katika jina.

3. "Kaa-mawe" liondolewe, litumike trilobiti (wa-), na fasili ieleze bayana kuwa pande tatu ni za urefu.

4. "Mwani-mawe" na "tumbawe-tabaka" yaondolewe; yatumike briozoa na stromatoporoidi.

5. "Tumbawe-sega" na "tumbawe-mnyororo" yakubaliwe kama yalivyo.

6. "Osikali", "pedikali" na "hinji" yaondolewe. Yatumike pingili, kikonyo na bawaba. Vivyo hivyo yadumishwe gamba, mashapo, tabaka, kujikunja na kujivua gamba, ambayo mfasiri ameyatumia vizuri.

Hitimisho

Utaratibu wa kuanza na hazina yetu kabla ya kugeukia za wengine ni wa haki, na umetupatia istilahi nyingi njema. Lakini uliwekwa utusaidie kutafuta, haukuwekwa utuzuie kufikiri. Neno la nyumbani lipewe nafasi ya kwanza kusailiwa. Halipewi kazi kabla ya usaili.

Yafaa pia tubadili namna ya kuhakiki. Laiti rasimu hii ingeletwa kwa safu mbili tu, yungiyungi-bahari lingepita, nami ndiye ningelipitisha. Lililolikamata ni sentensi. Kwa hiyo inapendekezwa kuwa kila orodha ya istilahi iletwe pamoja na kurasa kadhaa za matini ambamo maneno hayo yametumiwa, ili chaza asiye chaza ajulikane kabla hajafika darasani. Rasimu imerudishwa kwa ndugu mfasiri pamoja na uhakiki huu, na inatarajiwa kuwa atakapoileta tena, wanafunzi wetu watapata kijitabu ambacho wamekihitaji kwa muda mrefu.